Kushukuru au Kupongeza

Idara yetu ina furaha kuutangazia umma kwamba manung'uniko yamekoma. Hayakukatazwa; sisi si washenzi. Yamekosa tu mahali pa kubonyeza.

Mkurugenzi wetu, mtu mwenye maono hata akisinzia, aliagiza kwamba kila mwananchi anayefika dirishani aonyeshwe kisanduku kwenye kompyuta: "Umekuja kufanya nini?" Kisanduku kikishatokea, programu nzima husimama nyuma yake. Hugusi kingine mpaka uchague, na ulichochagua ndicho programu inachorudishiwa ikifanyie kazi. Machaguo yalikuwa mawili: Kushukuru na Kupongeza. Fundi wa kompyuta aliuliza kitufe cha Ghairi akiweke wapi.

"Aghairi ili aende wapi?" Mkurugenzi akamjibu. Mimi, Msaidizi Mwandamizi wa Mwelekeo, nilicheka kwa kiwango kinachostahili cheo chake.

Akaagiza pia kisanduku kitokee kwenye kompyuta zote za jengo kwa pamoja, ili furaha ya wananchi imfikie ikiwa bado moto.

Jumatatu akaja mama mmoja mshonaji. Askari wetu walikuwa wamebeba cherehani yake kutoka barazani, kwa kosa la kupiga kelele wakati mgeni rasmi akipita. Ilikuwa imefungiwa stoo yetu, na sare za watoto wa watu alizokwisha kuzikata zilikuwa zimelala nyumbani bila mikono. Nikamgeuzia skrini kwa adabu.

"Chagua, mama."

Akavaa miwani, akasoma. "Langu halimo."

"Yote yamo."

"Mwanangu, nimefuata cherehani yangu. Sasa niwashukuru kwa kuichukua, au niwapongeze kwa kuibeba bila kuiangusha?"

Akaketi kwenye benchi, akatoa sindano, akaanza kupinda suruali ya mtoto kwa mkono. Kisanduku kikabaki wazi. Idara nzima ikaganda.

Kufikia mchana Mkurugenzi alishuka ngazi kwa miguu yake, jambo ambalo ngazi zenyewe hazikulitarajia. Siku hiyo makao makuu walikuwa wamtumie swali kuhusu mkataba wake, na kompyuta yake ilikuwa inamwonyesha kisanduku cha mama.

"Mama yangu, bonyeza lolote. Watu wana kazi."

"Hata mimi ninayo. Iko stoo kwenu."

Fundi akaitwa. Chaguo la tatu likaongezwa: Kudai. Mama akabonyeza, kisanduku kikajifunga, stoo ikapata amri, cherehani ikatoka. Haijafika hata getini, Mkurugenzi akaamuru Kudai kufutwe, watu wasije wakazoea.

Tulipopanda ofisini kwake, swali la makao makuu lilikuwa limefika. Walivutiwa mno na ubunifu wetu, wakauiga ulivyo. "Mkataba wako umekwisha leo. Unasemaje?" Kushukuru. Kupongeza.

Alitafuta Ghairi. Alitafuta alama ya kufungia pale pembeni. Akachomoa waya, kompyuta ilipowaka tena, kisanduku kilikuwa kinamngoja. Fundi akaeleza kwa masikitiko kwamba kuongeza chaguo kunahitaji idhini ya Mkurugenzi mwenye mkataba.

"Wewe ungechagua lipi?" akaniuliza.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake, nakipima kwa jicho.

"Lolote, mzee wangu," nikasema. "Watu wana kazi."