Mshale Mmoja, Watu Wanne

Kwa Mkuu wa Mitambo na Kompyuta,
Ofisi ya Maji.

Nakala: Mkurugenzi (apelekewe akishamaliza chai, si kabla).

Ndugu Mkuu wa Mitambo,

YAH: OMBI LA KUGAWANYWA KWA KOMPYUTA AMBAYO HAIPO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe pamoja na mitambo yako yote. Mimi sijambo kiasi, ila nina dukuduku ambalo nisipolitoa litanitoa mimi.

Bila shaka unanikumbuka. Ni yule mchoraji wa ramani za mabomba, mwenye miaka ishirini na tisa kazini, ambaye meza yake ilikuwa dirishani. Ofisi iliporudisha ghorofa ya pili kwa mwenye nyumba, sisi wachoraji wanne tuliambiwa tufanyie kazi majumbani. Ukatukalisha, ukatueleza kwa upole kwamba programu ya kuchorea ramani ina kibali cha kompyuta moja tu, kwa hiyo tutatumia kompyuta pepe: kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe, iliyomo ndani ya ile kubwa ya chumbani kwako, na kila mmoja ataiingia kwa intaneti akiwa kwake. Jina la kuingilia ni moja, mchoraji1. Nywila ni moja. Skrini ni moja, na mshale wa kuelekezea ni mmoja. Nilikubali, kwa sababu mimi ni mtu wa kukubali.

Sasa Mkurugenzi ametangaza kwamba mwezi huu ukiisha wachoraji wanne watabaki watatu, na atakayeondoka ni yule ambaye kazi yake haionekani. Nakuuliza kwa heshima: kazi yangu itaonekanaje, ikiwa kila mstari unaochorwa humo unaandikwa kuwa umechorwa na mchoraji1? Nimebakiza miaka minne nistaafu. Sikubali kutolewa nje kwa kosa la kufunikwa na wenzangu. Ndiyo maana nayaeleza hapa chini maudhi yangu, moja baada ya jingine, ili ujue ninaishi na watu wa namna gani humo ndani.

1. Mshale. Naupeleka kushoto, unakwenda kulia. Nauacha, unatembea. Kila mmoja wetu ana zamu yake, lakini hakuna anayeweza kukaa akatazama tu mwenzake anavyochora, mkono unamwasha. Juzi mke wangu alisimama nyuma yangu na kikombe cha chai, akauona mshale unazunguka peke yake huku mimi nimeshika kichwa kwa mikono yote miwili. Alikiweka kikombe, akaenda kuwapigia dada zake, na kabla jua halijatua nilikuwa nimepewa pole na mashemeji watatu.

2. Picha ya nyuma ya skrini. Mama Pacha, mchoraji wa pili kwa ukongwe, aliweka picha ya watoto wake pacha, wale ambao meno ya mbele yametoka kwa pamoja. Chapuchapu, mdogo wetu, mwenye haraka ya kila kitu, akaondoa pacha akaweka pikipiki. Mjomba, ambaye tunamwita hivyo ofisi nzima ingawa hana mpwa hata mmoja kati yetu, akaondoa pikipiki akajiweka mwenyewe, amevaa suti ambayo ni dhahiri aliiazima. Mimi nikaweka ramani ya mabomba ya mji niliyoichora kwa wino, kazi ya miezi saba. Ilidumu dakika kumi na moja.

3. Hodi. Ili tusigombane tulikubaliana kwamba anayetaka kuingia aandike kwanza kwenye faili moja linaloitwa Hodi, kisha asubiri aliyemo aandike Karibu. Utaratibu huu wa kistaarabu niliupendekeza mimi, na ninajuta. Mjomba hana uwezo wa kuandika Hodi ikasimama peke yake. Lazima aulize habari za nyumbani, za watoto, za mgeni aliyekuja wiki iliyopita na kama ameshaondoka. Na kwa kuwa faili ni la wote, wote tunajibu. Asiyejibu anaulizwa kama ana hasira. Kuna siku zamu yangu ya saa mbili mpaka saa nne iliisha tukiwa bado kwenye goti la mama mkwe wa Chapuchapu, ambalo, nashukuru kukuarifu, sasa linakunjika.

4. Siri. Hapa naomba usome ukiwa peke yako. Kompyuta hii inakumbuka kila kinachotafutwa ndani yake, na mtu mwingine akianza kuandika herufi mbili tu, yenyewe inammalizia. Miezi mitano iliyopita nilitafuta habari za ugonjwa wa mtoto wa jicho: dalili zake, upasuaji wake, na kama unauma. Nilitafuta kwa niaba ya jirani. Macho yangu mimi hayana tatizo lolote. Miwani naivaa kwa sababu ya mwanga, na ile miwani ya pili ninayoivaa juu ya hiyo ya kwanza naivaa kwa sababu hiyohiyo. Kesho yake nikakuta Mjomba ameandika kwenye Hodi kwamba anamwombea jirani yangu. Mama Pacha akamtajia jirani yangu daktari mwenye mkono mwepesi. Na Chapuchapu, bila kuombwa na mtu, aliyakuza maandishi yote ya kompyuta mpaka neno moja likawa linakwenda kutoka ukingo hadi ukingo. Sijayapunguza. Nimeyaacha kwa adabu tu.

5. Koki ya barabara ya shule. Sasa tunaingia kwenye mambo mazito. Koki kuu ya laini ile, inayofungwa bomba likipasuka, iko upande wa kushoto, penye duka la vioo. Nimeichora hapo. Kesho yake nikaikuta kulia, chini ya ukuta wa shule. Nikairudisha. Ikahama tena. Tumehamishana koki hiyo mara tisa, na Hodi haina neno hata moja kuhusu hilo, ingawa ina maneno mia nne kuhusu goti. Safari ya saba Mjomba alitoka kwake kwa miguu mpaka barabarani, akapiga picha ya mfuniko wa koki, akaibandika katikati ya skrini. Niliitazama picha hiyo kwa makini sana. Niliona kitu cha duara. Katika miaka ishirini na tisa nimejifunza kwamba kitu cha duara kinaweza kuwa chochote, kwa hiyo nikairudisha koki kushoto.

6. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kazi zangu zinaisha bila mimi kuzimaliza.

Naiacha karatasi ya ramani ikiwa nusu. Nikiingia kesho yake naikuta imekamilika, mistari imenyooka, na kwenye pembe ya chini zimo herufi za jina langu. Mwanzoni nilidhani ni usahaulifu, nikaanza kuandika kwenye daftari mahali ninapoishia. Karatasi ya soko niliiachia kwenye kona ya machinjio. Asubuhi ilikuwa imeshavuka reli na kufika mtoni. Mimi sijafika mtoni. Wameniwahi.

Nimeliwaza jambo hili wiki nzima na nimefikia uamuzi mmoja tu, kwamba hii ni hujuma. Mtu anayekumalizia kazi yako kimyakimya anataka siku ya kuulizwa uonekane huna kazi. Na mwisho wa mwezi huu asiye na kazi ndiye anayetafutwa. Kinachoniuma, na sioni aibu kukisema, ni kwamba wote watatu niliwapokea mimi. Chapuchapu alikuja hajui kushika rula. Nimewafundisha, nao wamekaa kwenye majumba yao wananichimbia shimo kwa mshale ambao ni wangu pia.

Kwa hiyo naomba yafuatayo.

Kwanza, kompyuta igawanywe iwe nne. Najua utasema kibali hakiruhusu. Nimekifikiria kibali. Kibali kinahusu kompyuta moja, na hii umetuambia mwenyewe kwamba haipo. Kitu ambacho hakipo ukikigawa mara nne bado hakitakuwepo, na sheria itakuwa haijaguswa.

Ikishindikana, mshale ukabidhiwe kwangu kwa misingi ya ukongwe, na wenzangu waruhusiwe kuutazama.

Ikishindikana na hilo, basi kompyuta ihamishiwe nyumbani kwangu. Nimeshaitengea nafasi kando ya kabati la vyombo. Mke wangu alikuwa na wasiwasi, lakini nilipomweleza kwamba haina mwili alikubali mara moja, kabati halitasogezwa.

Na hata yote hayo yakishindikana, hili moja lisishindikane: zichapishwe kumbukumbu zinazoonyesha kila ramani ilichorwa kutoka nyumba ya nani. Nimeambiwa mitambo yako inaweza. Zimfikie Mkurugenzi kabla ya mwisho wa mwezi, aone kwa macho yake ni nani kati yetu anayefanya kazi na ni nani anayebebwa mgongoni.

Nisalimie wasaidizi wako wote, mlinzi wa getini, mama wa chai na yule karani aliyehamia masijala. Mkurugenzi msalimie sana. Na hao watatu, ikitokea umekutana nao, wasalimie pia, ingawa usioneshe kwamba salamu zimetoka kwangu.

Wako katika kulijenga shirika,

Mchoraji Ramani Mwandamizi
(zamani wa meza ya dirishani)

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Msaidizi wako amekuwa mwepesi kuliko barua yangu. Asubuhi nilimpigia kumwomba zile kumbukumbu ili nizibandike hapa kama ushahidi, na mchana zilikuwa zimeshafika. Maandishi yake ni madogo kupita kiasi, kwa hiyo alinisomea binti yangu.

Mwaka huu ziko ramani arobaini na mbili zenye herufi za jina langu. Binti yangu alisoma polepole, nyumba baada ya nyumba. Zilizokamilishwa kutoka kwangu ni kumi na tatu. Nyingine zote zimetoka kwa Mama Pacha, alfajiri, kabla watoto wake hawajaamka. Na kwa Chapuchapu, saa ya chakula cha mchana. Na kwa Mjomba, Jumapili. Alipofika katikati ya ukurasa wa tatu akaniuliza kama aendelee. Nikamwambia inatosha.

Nilimpigia Mama Pacha ili nimgombeze, maana sikujua jambo jingine la kufanya. Nikagomba mpaka maneno yakaniishia. Alinisikiliza, kisha akasema: "Mzee, pacha wangu walipolazwa ile miezi miwili, karatasi zangu nani alizichora akaweka herufi zangu? Ulifikiri sikujua?"

Ndugu Mkuu, nilikuwa nimesahau. Nakuapia nilikuwa nimesahau kabisa. Nilibaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata, na mke wangu akaja kusimama nyuma yangu tena na kikombe cha chai, safari hii hakumpigia mtu.

Basi mambo yako hivi. Koki ya barabara ya shule iko kulia. Mgonjwa wa macho si jirani, ni mimi, na Jumatatu nafanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, kwa huyohuyo daktari mwenye mkono mwepesi. Nakala ya Mkurugenzi usiipeleke. Usigawanye kitu, usitenganishe majina, nywila iache kama ilivyo. Zile kumbukumbu nimezichana vipande vidogo, na naomba na wewe uzitafutie zako mahali pa kupotelea.

Nilitaka kumalizia kwa kuandika kwamba niondolewe mimi, ndiyo haki. Mama Pacha amenikataza, na wale wengine wawili nimekuta wameshanikataza kwenye faili la Hodi, Mjomba kwa kurasa mbili. Kwa hiyo Mkurugenzi akikuuliza nani kafanya nini, mjibu ukweli ulioandikwa kwenye mitambo yake mwenyewe, kwamba kazi yote imefanywa na mchoraji1. Akisema ni lazima apunguze mmoja, mwambie mchoraji aliye naye ni mmoja tu: anaanza kazi alfajiri, hali chakula cha mchana na Jumapili hapumziki. Mtumishi kama huyo hafukuzwi.