Kutekwa kwa Kitufe cha Kati

Sogezeni viti, enyi mliowahi kuipiga kompyuta kofi la ubavuni mkitaraji itaona haya! Nyamazisheni simu, wapeni watoto kitu cha kutafuna, mpate kusikia jinsi mkamwana wa ghorofa ya pili, Mfungua Mabano, Simba-jike wa Kibodi, alivyoivamia ngome ya kale Jumamosi moja kabla ya chakula cha mchana, akarudi na kitufe kimoja.

Yajueni kwanza mambo ya milki ile. Mama mkwe wake, mwalimu wa hisabati aliyestaafu, alikuwa malkia wa mazingira ya zamani ya kuandikia programu kwa lugha ya Lisp, lugha ambayo kila neno huishi ndani ya mabano, na mabano hayo ndani ya mabano mengine, mpaka mgeni akichungulia huona kizunguzungu. Humo, yeye na marehemu mumewe walikuwa wameunda programu ya kuchora nakshi za tarizi. Na ajabu ya milki hiyo, haikuhifadhi faili moja moja. Ilihifadhi dunia nzima kama ilivyokuwa saa ya kuzimwa, madirisha wazi, kazi ikiwa katikati. Mchoro wa mwisho wa mzee ulikuwa humo: ua lenye petali upande mmoja tu. Malkia alitaka kuliona ua zima kabla macho yake hayajamwacha kabisa.

Ole wake! Mashine iliyoibeba dunia hiyo ilitoa moshi mwembamba, ikalala isiamke. Ndipo mkamwana alipoing'oa diski, akaihamishia dunia ile kwenye kompyuta yake mpya, ndani ya programu ya kuigiza, yaani programu inayojifanya mashine ya kale, ili dunia isishtuke kwa kujua imehamishwa.

Ikafunguka. Lakini kwenye kioo kikubwa cha siku hizi ilikaa pembeni, ndogo, herufi zake kama sisimizi waliokosa njia.

“Mwanangu,” mama mkwe akatamka, pua ikigusa kioo, “umeniletea dunia yangu au umeniletea stempu?”

Shujaa alikunja mikono ya gauni, akaamuru kila nukta ya kale isimame mahali pa nukta nne za sasa, na herufi zikanenepa mpaka zikasomeka kutoka kwenye kochi. Kumbe hiyo ilikuwa ni salamu tu. Vita vyenyewe vilikuwa mbele.

Kwani vipanya vya enzi zile vilikuwa na vitufe vitatu, na ni kile cha kati pekee kilichoita menyu ya kuendeleza mchoro. Kompyuta mpya haikuwa na kitufe cha kati. Haikuwa na kitufe chochote. Ilikuwa na kibao laini cha kupapasa.

“Mama, enzi zimegeuka,” mkamwana akahutubia, amesimama mkono kiunoni. “Kitufe cha kati kimekwisha kufa na kuzikwa. Weka vidole vitatu hapa, gusa kwa pamoja, menyu itakuja yenyewe.”

“Vidole vitatu?” Mama mkwe aliinua kidevu. “Mimi sipapasi kompyuta kama ninayembembeleza paka. Sikiliza. Baba yenu alikuwa anakaa kushoto kwangu. Mimi nashika kipanya, yeye ananiambia, ‘Kati, bibie, bonyeza kati.’ Miaka yote hiyo. Sasa wewe unataka nilimalizie ua lake kwa kupapasa?”

Mkamwana, ambaye tangu asubuhi alidhani anapigana na ukaidi wa mtu mzima, aliona alichokuwa akipigana nacho, akaona aibu, akaketi.

“Basi, Mama. Kitufe utakipata.”

Akamwendea mumewe, aliyekuwa jikoni akikata vitunguu, akamwomba kipanya chake cha kuchezea mpira wa kompyuta. Maana alikumbuka kwamba gurudumu la vipanya vya leo hubonyezeka, na chini yake kitufe cha kati hujificha kama mkimbizi.

“Chukua blanketi,” mume akalia, machozi yakimtiririka, ingawa mengine yalikuwa ya vitunguu. “Chukua rimoti! Lakini kipanya?”

“Ni kwa ajili ya mama yako.”

Mume akakitoa kama mfalme anayesalimisha upanga.

Gurudumu likabonyezwa. Kimya. Likabonyezwa tena kwa hasira. Kimya kile kile. Shujaa akajitosa ndani ya matumbo ya programu ya kuigiza, akapita vichaka vya msimbo vilivyoandikwa na watu asiowajua, hata akamkuta adui amejibanza kwenye mstari mmoja: kitufe cha gurudumu kikibonyezwa, puuza. Neno moja tu! Akalifuta, akaandika amri mpya, akaijenga programu upya, feni ikivuma kama kimbunga. Kosa likatokea, jekundu.

“Umesahau nukta mkato mwisho wa mstari,” mama mkwe akasema nyuma ya bega lake. “Sisi tulikuwa na mabano tu. Hizo nukta mkato mlijitakia wenyewe.”

Shujaa akaitia. Feni ikavuma tena, ikanyamaza.

Mama mkwe akashika kipanya, akabonyeza. Menyu ikachanua katikati ya kioo. Akachagua kuendelea, na petali zikaanza kujichora moja baada ya nyingine, zikizunguka kwa adabu, mpaka ya mwisho, ambayo ilikosa nafasi ikampanda jirani yake.

Mama mkwe akakodoa macho. Kisha akacheka, akacheka mpaka akavua miwani.

“Alikosea pembe! Tuligombana wiki nzima, akaniapia amehesabu vizuri!”

“Nirekebishe, Mama?”

“Thubutu!” Akaufunika mkono wa mkamwana kwa wake. “Liache hivyo hivyo. Nimeshinda.”

Basi na ijulikane kwa vizazi vyote vitakavyobofya: Jumamosi hiyo, chakula kikipoa mezani na mume akiita bila kuitikiwa, neno moja lilifutwa, gurudumu likatii, na ua likafunga duara lake vibaya, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakilicheka kwa machozi.