Ufa Juu ya Dirisha

Jumatatu, 9 Juni
Tetemeko la juzi halikuwa kitu. Sufuria zililia, kuku wakakimbia, basi. Lakini ufa umetokea juu ya dirisha la chumba chetu cha kulala, tena wa kuingia ukucha. Griffin, kaka yake mke wangu Kavindu, fundi wa majengo, alifika vumbi halijatua. Aliutazama ufa kwa furaha ambayo si ya Kikristo. Akanikumbusha kwamba alinishauri nipitishe linta, ule mkanda wa zege na vyuma unaofunga kuta zote juu ya madirisha, na mimi nikasema ni ujanja wa mafundi wa kurefusha kazi. Nilisema kweli! Nyumba hii nimeijenga kwa mikono yangu. Akamalizia na ile methali ya ufa na ukuta. Nilijua ataisema.

Mchana akaja Injinia Zainabu, anayekagua nyumba za mtaa wetu hapa Ukunda. Alibandika kipande chembamba cha kioo kukatiza ufa, akaandika tarehe juu yake. Akaeleza kuwa kioo hakinyumbuki: ukuta ukisogea hata kidogo, kinavunjika. Atarudi Jumatatu ijayo. Kikiwa kizima, tunakaa. Kikivunjika, tunatoka na ukuta unabomolewa. Griffin ameahidi kuja kila siku kukiangalia. Kwani mwenye nyumba ni nani?

Jumatano, 11 Juni
Kimevunjika! Katikati kabisa. Kavindu alikuwa sokoni, namshukuru Mungu. Nikakata kipande kutoka kidirisha kibovu cha choo, nikabandika, nikaiga mwandiko wa Injinia. Tisa yake ina mkia mrefu. Yangu imetoka nzuri zaidi. Jioni Griffin akaja, akakipapasa kioo, akakikuta kizima. Chai yake aliiacha nusu. Sijafurahi hivi tangu harusi yangu.

Ijumaa, 13 Juni
Cha pili nacho kimevunjika. Hakuna aliyekigusa. Nilikaa kitandani nikakitazama kwa muda mrefu. Griffin naweza kumdanganya, na Injinia pia, lakini ukuta haunisikilizi. Ninaogopa, nasema wazi.

Nimebandika cha tatu. Kisha nikamwambia Kavindu tubadilishane pande za kitanda, yeye alale mlangoni, mimi dirishani. Akauliza kwa nini. Nikasema joto. Akasema amepata mume mwema. Hotelini ninakopika, leo nimeunguza mayai ya wageni sita, macho yangu yakiwa kwenye kuta za jikoni.

Jumapili, 15 Juni
Siku mbaya. Kioo cha jirani yetu Mwanapili kilivunjika jana, naye akampigia Injinia simu papo hapo. Anatakiwa kuhama. Kavindu, bila kuniuliza, akamwambia alete binti zake watatu walale chumbani kwetu, sisi tutajibana sebuleni, kwa kuwa kioo chetu ni kizima. Mwanapili akanishika mkono. "Mwenyezi Mungu akujazie kheri, Bwana Munyoki. Nyumba hii umeijenga kwa nia safi." Nikakosa pa kutazama.

Wasichana wakatandika mkeka chini ya dirisha. Nikasema haiwezekani. Kavindu akaniuliza kama sina haya, mbele ya jirani mwenye shida. Nilifungua mdomo niseme kuna kunguni. Mdogo wao alikuwa ameshajilaza, kiganja chake ukutani. Nikasema yote. Vioo vitatu, tarehe ya kughushi, yote.

Kavindu hakupiga kelele. Aliwatoa watoto kwanza. Kisha akauliza kioo cha kwanza kilivunjika lini. Jumatano. Na kitanda tulibadilishana lini? Ijumaa. Akahesabu kwa vidole. "Siku mbili nimelala pale, na wewe unajua."

Jumatatu, 16 Juni
Nimekiri kwa Injinia. Nilitarajia polisi. Alibandua kioo changu cha tatu, akakigeuzageuza, akasema, "Baba, kioo sikukibandika nikushitaki. Nilitaka kikusemee." Ameandika: chumba kisilaliwe, ukuta ubomolewe, ujengwe upya kwa linta. Mwanapili amewapeleka wanawe kwa dada yake Msambweni. Sisi tumehamia kwa Griffin. Hajatoa methali hata moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Jumapili, 29 Juni
Ukuta mpya umesimama! Ijumaa Griffin alimimina linta, jana akaenda matangani Kikoneni. Ameacha maagizo: linta inyweshwe maji asubuhi na jioni, na mbao zinazobeba zege juu ya dirisha zisiguswe kwa wiki mbili. Injinia amesema vilevile. Kavindu ameniapisha, nami nimeapa.

Lakini nimewaza. Wiki mbili ni mambo ya mafundi wanaotaka kuonekana wa maana. Griffin anarudi Jumatano. Akikuta dirisha limeshawekwa na plasta imepigwa, atasema nini? Zege lenyewe nimeligonga kwa ngumi: jiwe. Kavindu yuko kanisani mpaka saa saba. Nimeanza kung'oa mbao.