Kende za Pono

Alhamisi, 3 Machi 1955. Kaloleni.
Mama mkwe, Bi Mgeni, ana siku ya nne hapa. Leo maharage tena. Kamwuliza Lela, mke wangu, kama Nairobi samaki wamepigwa marufuku. Aibu tupu.
Kumbe dawa ninayo. Kazini, kwenye maabara ya samaki, Bwana Daktari anachunguza mbegu za kiume za pono, zinavyokua mwezi kwa mwezi. Pono huja kwa treni kutoka Mombasa, ndani ya barafu. Bwana hutaka kende tu, nizikate vipande vyembamba, azitazame kwa darubini. Nyama inatupwa! Dhambi hiyo. Nimembeba pono nyumbani mzima mzima. Kende nitazitoa alfajiri.

Ijumaa, 4 Machi.
Nimekwisha. Kuamka, pono yumo chunguni, kwenye tui. Bi Mgeni hawezi kuvumilia samaki mchafu ndani ya nyumba. Matumbo kampa paka. Nikauliza kwa adabu, na vile vyeupe viwili? Akasema paka alivipenda kuliko vyote.
Kazi ikienda, nyumba inaenda nayo. Na siku hizi za Hali ya Hatari asiye na barua ya kazi anapandishwa lori la polisi.
Jirani Owino wa reli kaletewa ngege, samaki wa ziwani, kutoka Kisumu. Dume. Nikamwomba kende. Akaniuliza kwa huruma, nyumbani mambo vipi? Nikamwacha aamini anachoamini. Nikazipeleka kazini. Samaki ni samaki.

Jumatatu, 7 Machi.
Bwana kainamia darubini saa nzima. Akaniita. Akasema mwezi huu mbegu za pono huwa bado viduara, na hizi zimepevuka, zote zina mikia. Nikasema labda pono huyu alikuwa na haraka. Hakucheka. Anawaandikia wakubwa wa Ulaya. Eti uvumbuzi.

Jumatano, 9 Machi.
Usingizi sina. Ulaya watajua tu. Kila gari likipita nasikia lori. Leo nikashindwa, nikakiri yote, hata paka. Bwana akachana barua yake. Kesho anakuja pono mwingine, akasema, na asitoke mlangoni. Nikaapa. Wallahi nimekoma.

Alhamisi, 10 Machi.
Pono kaja, mnene. Safari hii nimetumia akili: kende kwanza, zimo kwenye chupa ya dawa ya kuzihifadhi. Nyama Bwana haitaki, Bi Mgeni anaikaanga. Chupa nayo nimekuja nayo nyumbani. Kuiacha kule naogopa. Mtu anaweza kubadilisha kende zangu, na mji huu umejaa watu wasio waaminifu.