Nani Alitapika Katika Kofia ya Hélène

Jumatatu, tarehe 1 Septemba

Djamila anaondoka! Binti wa dada yangu Khadija, anamfuata mume wake huko Marie-Galante, ng'ambo ya bahari. Kisiwa changu! Katika Kisangani nzima tumebaki wawili tuliokanyaga kisiwa kile: mimi Assumani, saksofoni, na Eddy, ngoma. Mwaka 1986 orchestre yetu ilialikwa kupiga huko siku kumi na moja. Miaka thelathini na tisa ninasimulia siku hizo, na bado hazijaisha.

Amekuja asubuhi kuomba mashauri ya safari. Nimefurahi mpaka nikamwaga chai. Nimemwahidi daftari zima.

Halafu akasema kesho atapita kwa papa Eddy pia. Nikauliza Eddy anajua nini. Mutu aliyetapika kwenye mashua! Djamila akacheka. Hapa mtaani Tshopo hadithi hiyo huwa haikosi kicheko.

Jumanne, tarehe 2

Daftari limekwisha. Kurasa kumi na nne.

Shauri la kwanza: ufike Grand-Bourg na njaa, maana samaki wanachomwa palepale bandarini. La tano: usiogope ng'ombe wa mikokoteni ya miwa, wana adabu kuliko madereva wa hapa. La nane: jioni ukae karibu na sinema, hapo ndipo watu wazuri hupita. Nilipofika kwenye harufu ya miwa inayochemka nimelia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na suruali nyeupe! Tulipiga mpaka waliokuwa wakicheza wakatuomba tupumzike. Nani alitupenda hivyo tena?

La kumi na nne: mtafute Hélène aliyekuwa akiuza samaki. Mwambie Assumani wa saksofoni hajamsahau. Akinikumbuka, hata kwa neno moja, sitaomba kitu kingine duniani.

Bon. Shajara hii hakuna anayeisoma, niseme. Aliyetapika ni mimi. Bahari ilikuwa inatupandisha na kutushusha, na Hélène, abiria wa pembeni yangu, akavua kofia yake ya majani akanikingia. Kofia mpya! Akanishika paji la uso. Nikaapa nitamnunulia nyingine. Eddy akaichukua kwenda kuiosha bandarini, wenzetu waliokuwa wamekaa mbele wakamwona nayo, wakaanza kumcheka. Mimi nikanyamaza. Siku ya pili nikacheka nao. Siku zilizobaki nilipita njia ya nyuma ili Hélène asinione.

Eddy alikana. Lakini hakutaja jina langu. Mpaka leo.

Jumatano, tarehe 3

Daftari langu kurasa kumi na nne. Eddy ametoa ndimu tatu na sentensi moja: unuse ndimu, uangalie nchi kavu, usiangalie maji. Djamila anairudiarudia kama sala! Tena Eddy amempa kifurushi cha samaki wakavu wa kwao Yanonge.

Alors nimekwenda kwa dada mkubwa, yaya Khadija. Nimemweleza kwamba kule forodhani wanakamata watu wenye matunda. Yaya ameshtuka, ametoa ndimu. Ushindi! Kisha akafikiri. Kama ndimu inaleta kesi, je, wadudu? Akatoa na mbinzo zangu, kilo nzima ya viwavi vikavu nilivyomfungia Hélène kwa mikono yangu. Samaki wa Eddy wamebaki. Nilijaribu kueleza kwamba viwavi si matunda. Yaya akasema nisimtie mtoto wake matatani.

Ijumaa, tarehe 5

Uwanja wa ndege wa Bangboka. Sanduku limepimwa, limezidi. Vimetolewa viatu, sufuria na mto. Daftari limepita! Yaya Khadija analia, Djamila analia, mimi nalia kuliko wote.

Eddy amekuja kwa miguu kutoka njia panda. Ametoa ndimu nyingine mfukoni, akampa Djamila mkononi. Ndege ilipopaa akanishika bega, akaniuliza kama naikumbuka ile mashua. Nimemuuliza mashua gani.

Alhamisi, tarehe 18

Ee Mungu wangu.

Tulikuwa kwa mama Georgette, kwenye malewa yake, kibanda cha chakula, tunakula pondu ya majani ya muhogo. Ujumbe wa sauti wa Djamila umeingia kwenye simu ya yaya. Mama Georgette akaamuru iwekwe kwa nguvu, wote wasikie. Djamila amefika salama. Sinema ya tonton, yaani mimi mjomba wake, sasa ni famasi. Ng'ombe wamebaki wachache. Ndimu za papa Eddy zimemwokoa baharini. Sawa, nilivumilia.

Kisha sauti nyingine, ya mwanamke mzee, Kifaransa cha kuimbaimba. Hélène! Kijiko kiliniponyoka. Amesema saksofoni haikumbuki hata kidogo. Je, kulikuwa na saksofoni? Lakini yule kijana wa kofia, yule hajamsahau! Aliona haya kama mtoto, aliapa atamletea kofia mpya, na alikuwa na macho mazuri. Kofia ile ameitundika ukutani mpaka leo. Mume wake marehemu alikuwa akiionea wivu. Kijana huyo bado mzima? Ampigie simu basi, yeye sasa ni mjane na jioni ni ndefu.

Macho mazuri! Macho yangu!

Watu wote wakamgeukia Eddy. Eddy akanigeukia mimi. Alisubiri. Alisubiri muda mrefu, ninaapa. Niseme nini? Miaka thelathini na tisa ya kumcheka mwana wa mto, aliyezaliwa kando ya maji, kwamba alishindwa na maji! Niliangalia pondu yangu.

Ndipo Eddy, aliyekana miaka yote hiyo, akafuta mdomo na kusema ndiyo, ni yeye. Makofi! Mama Georgette akambusu. Yaya akamwandikia namba ya Hélène kwenye kikaratasi.

Ijumaa, tarehe 19

Sikula. Eddy amempigia. Wamezungumza saa nzima. Ameniletea habari mwenyewe, mpaka mlangoni. Hélène anapika samaki wa Yanonge, anawasifu. Aliniambia namba ipo, nikiitaka niseme tu. Nimemjibu nina kazi.

Jumapili, tarehe 21

Leo nasema ukweli! Nimeoga. Nimevaa shati la orchestre, halifungi tumboni. Nitasimama mbele ya wote na kusema: ni mimi, macho yale ni yangu.

Nimefika kwa mama Georgette. Eddy yuko kwenye kona, simu mezani. Nimesimama. Nimegonga glasi. Wamenigeukia. Eddy akanitikisia kichwa kunipa moyo.

Kabla sijafungua mdomo, mteja mgeni, mutu wa Isangi, akauliza eti ni kweli mmoja wetu alitapika kwenye kofia ya mwanamke? Yupi?

Nimesema: Eddy.

Ilitoka yenyewe! Wamecheka mpaka benchi likayumba. Nilisikia utamu wake. Nikaongeza kwamba alitapika mara mbili.

Simu ya Eddy ikalia. Akatoka nayo nje, na dirishani nikasikia Hélène akicheka, kicheko kilekile cha 1986. Nilisimama pale na glasi yangu.

Mutu wa Isangi akaomba nianze tangu mwanzo. Donc nimevuta kiti. Nimeanza: siku hiyo mimi nilikaa nyuma ya mashua, mzima kabisa.