Neno la Kordinateri Déo Kasimu Siku ya Kuzindua Mandazi Yanayokaangwa kwa Hewa

Mheshimiwa Mwakilishi wa Wakubwa wa Teritware, yaani wilaya yetu, ambaye angependa sana kuwa nasi lakini amekwama na pikipiki yake kwenye matope ya njia ya Kabambare. Mheshimiwa Mwakilishi wa huyo Mwakilishi, ambaye ninamwona pale mbele amefumba macho kwa kutafakari. Wazee wetu wa misikiti, assalamu alaikum. Mapadri, wachungaji na masista, amani ya Bwana. Wakubwa wa shule. Mabwana na mabibi wenye maduka. Ndugu zetu waendesha pikipiki, ambao nawaomba wazime mota kwa heshima ya maneno makubwa yanayokuja. Na mwisho kabisa, kwa sababu za itifaki, ninyi mama zetu wakaanga mandazi wa soko la Kasongo, ambao nimewapangia kukaa kule juani, nyuma ya bango: kama kuna mutu mukubwa nimemusahau anisamehe, na kama ni mudogo tutaonana baadaye. (Makofi ya safu ya mbele. Kule juani mama mmoja anauliza kwa sauti: "Karai zetu ziko wapi?")

Nitafika hapo, mama. Hotuba ina njia yake.

Mimi ninayesema nanyi ni Déo Kasimu, Kordinateri Mkuu na wa Kudumu wa Komite ya Mageuzi ya Vitafunio, Kasongo na Kabambare, komite ambayo niliiunda mimi, nikaitisha mkutano mimi, nikajipendekeza mimi, na nikachaguliwa kwa kauli moja, kauli yenyewe ikiwa yangu. Si kwa kujisifu, maana kujisifu si tabia yangu, na watu wote wanaonijua wanasema hivyo hivyo, kwamba kwa unyenyekevu hakuna anayenifikia kutoka hapa hadi Lualaba, na hata ng'ambo ya pili sijasikia. (Mzee mmoja anakohoa kwa muda mrefu.)

Wapendwa, tatizo letu ni mafuta. Kwa mujibu wa utafiti wa kina nilioufanya mwenyewe, nikiwa nimeketi, asilimia tisini na saba ya mandazi ya Kasongo yana mafuta, na zile asilimia tatu zilizobaki hazikuweza kuchunguzwa kwa sababu mtafiti alikuwa amekwisha kuzila. Mandazi ya ndizi, mandazi ya nanasi, yote yanaogelea ndani ya mawese kama viboko! Ndiyo maana, nilipokuwa kwenye semina kule Kindu, semina ya kiwango cha juu yenye chai mara mbili, na nikaona kwa macho yangu haya mashini iitwayo Kikaangio cha Hewa, nilisimama, nikasema: hii ni ya Kasongo. Mwenzangu akaniambia, kaa chini, Déo, watu wanakula. Lakini mimi nilikuwa tayari nimeona mbali.

Kikaangio cha Hewa ni nini? Ni mashini inayokaanga kwa hewa. Na hewa, wapendwa, nani anatuzidi? Kuna watu wana bahari, kuna watu wana lami, sisi tuna hewa, asubuhi hewa, mchana hewa, na miaka yote hii tumeiacha inapita bure juu ya mabati yetu bila mradi, bila proje, bila komite, bila hata semina moja. Wakati huo umekwisha! (Makofi. Mwalimu mmoja anasimama: "Kordinateri, ile mashini inatumia umeme. Umeme tutautoa wapi?") Asante, mwalimu, swali zuri, kaa. Umeme umepangwa katika phase ya pili, yaani awamu ya baadaye. Hii ni phase ya kwanza, ambayo ni phase ya hewa peke yake, na mutu asichanganye phase. ("Hewa hata kuku iko nayo!" Kicheko kule juani.)

Cheka, mama, cheka. Na mashini yenyewe ndiyo ile pale mezani, ndani ya sanduku, chini ya kitenge kipya, na utepe ule mwekundu nimeufunga mwenyewe. Haitafunguliwa leo. Mashini ya kisasa haifunguliwi ovyo ovyo mbele ya vumbi.

Sasa niwafundishe namna ya kutengeneza mandazi ya matunda nyumbani, kusudi kesho mutu asiseme Kordinateri alificha elimu. Mnachukua ndizi zilizoiva hadi ganda limepata madoa meusi, mnazimenya, mnaziponda kwa uma, na asiye na uma aponde kwa kile alicho nacho; mnakata nanasi vipande vidogo vidogo na kulikamua, maana nanasi lenye maji mengi linaharibu unga; mnatia unga wa ngano, sukari kidogo, chumvi ya kuonja tu, chachu, mnakoroga hadi uji uwe mzito wa kushikana na mwiko, mnaufunika, mnaupa muda uumuke. Halafu mnateka kijiko kwa kijiko, mnapanga ndani ya kikapu cha mashini bila kubananisha, mnafunga, hewa ya moto inazunguka, mnageuza mara moja, na mnatoa mandazi yamekuwa ya dhahabu, makavu nje, laini ndani. Msisahau tu kwanza kupaka kikapu mafuta. (Kule juani: "Nini?") Kidogo. (“Mafuta, Déo? Si umesema bila mafuta?") Haya si mafuta! Haya, kitaalamu, yanaitwa kilainishi. (Kicheko kirefu. Mwakilishi wa Mwakilishi anaamka, anapiga makofi, anarudia kutafakari.)

Tuendelee. Hakuna maendeleo bila mchango wa jamii. Ndiyo maana, juma lililopita, mama zetu wote wa mandazi walitoa karai zao kwa komite, kwa hiari yao kabisa, mbele ya vijana wangu wawili wenye fimbo, waliokuwepo kwa ajili ya kuwatia moyo. Nilisema: mama, leta karai ya zamani, upate mashini ya sasa. Karai kwa mashini! Wapi duniani mumesikia biashara ya huruma namna hii? Na kuanzia siku ile hakuna aliyekaanga hapa mjini, hakuna moshi, hakuna harufu, na takwimu zangu zinaonyesha kwamba hewa yetu imeongezeka. (Yule mama wa kule juani amesimama. Ni Mama Mounira, mkaanga mandazi wa karibu na shule, na watu wanampisha. "Hewa ishibishe watoto? Ramazani iko inaingia keshokutwa, Déo. Mji muzima unanunuaka mandazi ya kufuturu kwangu na kwa hawa wenzangu. Unipe mashini sasa hivi, ao unipe karai yangu. Moja katika hayo.")

Mama Mounira, mama yangu, tulia. Watu wote mnamjua Mama Mounira. Mimi mwenyewe nimesoma shule nikila mandazi yake, na sioni haya kusema. ("Ulikula ya bure! Nilikuwa nasema, mutoto wa watu asisome na njaa. Ningejua!" Kicheko. "Ile karai aliniachia mama mukwe, iko na kiraka pembeni. Wajane watatu wanakaangia humo pamoja na miye. Iko wapi?") Iko mahali salama. ("Mahali wapi?") Salama. ("Wapi?") Mama, katika utawala bora swali halirudiwi! (Nyuma ya ofisi ya komite mbuzi analia. Wa pili anamwitikia.)

Wale ni mbuzi wa proje. Wamekuja kwa ajili ya ufuatiliaji na tathmini, maana kila proje ya maana lazima ifuatiliwe, na mbuzi, kama mnavyojua, ni mnyama anayefuatilia. Msiwajali. Nilikuwa nasema kwamba katika miaka mitano ijayo Kasongo itapeleka mandazi ya hewa Kabambare, na Kabambare itapeleka Salamabila, na Salamabila... (Pikipiki inaingia katikati ya watu, imejaa matope hadi taa. Nyuma yake kumefungwa karai nyingi, moja ndani ya nyingine, zinagongana.) Nani ameruhusu mota? Nimesema mota zizimwe! (Mwendeshaji anashuka, anajipangusa uso. "Mimi ni Yassine, mukubwa wa shimo ya dhahabu kule Salamabila. Natafuta mutu anaitwa Déo Kasimu." Uwanja mzima unanyoosha vidole.)

Ah! Karibu, ndugu Yassine. Wapendwa, huyu ni mgeni wetu wa heshima, amefika mapema kuliko programu. Tutaonana ofisini, ndugu yangu, kwa faragha. ("Faragha ya nini? Bwana, zile karai ulituletea tusafishie mchanga wa dhahabu zinatuua. Zimenywa mafuta miaka yote! Tumezisugua na majivu, tumezichoma kwa moto, kesho yake mafuta inatoka tena. Vumbi ya dhahabu inaelea juu ya maji, inaondoka na muto, na sisi tunaangalia tu. Watu wangu wamechimba juma nzima wamepata harufu ya mandazi. Chukua karai zako. Mbuzi wetu wako wapi?" Mbuzi wanalia tena, kwa furaha.)

Mh. Tafadhali, utulivu. Mama zetu, msisogee mbele, itifaki bado ipo. Wapendwa, kilichotokea hapa, kwa mutu asiyesoma, kinaweza kuonekana vibaya. Lakini kitaalamu hiki kinaitwa kubadilishana uzoefu. Karai za Kasongo zilikwenda Salamabila kujifunza kazi ya dhahabu, zimepata ujuzi, zimerudi. Mbuzi nao walikuja Kasongo kujifunza. Nani amepoteza? ("Mwizi wee! Karai ya mama mukwe umeibadilisha na mbuzi!") Mama Mounira, neno "mwizi" halimo katika programu ya leo. ("Litie basi!" Mama Mounira anazifungua kamba za pikipiki. Anatoa karai moja, ya pili, ya tatu, anafika kwenye yenye kiraka pembeni, anaikumbatia na matope yake yote, analia hapo hapo mbele ya watu. Wenzake wanachukua kila mmoja yake. Hakuna anayemsikiliza Kordinateri.)

Nasema hakuna anayenisikiliza! Vijana wangu wa fimbo wako wapi? (Vijana wa fimbo wanawasaidia mama kubeba kuni.) Haya. Haya basi. Nitaruka kurasa za katikati, ambazo zilihusu maono yangu, na nitakwenda kwenye kufunga. Naomba mniitikie kwa nguvu. Kasongo oyee! (Mtu mmoja: "Oyee." Ni Mwakilishi wa Mwakilishi, anaota.) Mandazi bila mafuta! (Kule juani mama wameweka mafiga, wamepasha mawese, ndizi zimeletwa kutoka sokoni mbio mbio, na unga umeanza kulia ndani ya karai.) Hewa ni mali! (Watu wa safu ya mbele wanageuza viti kutazama nyuma.) Tuna mashini! ("Ifungue basi!" anasema mwalimu.)

Kabla ya kufungua, shukrani. Mutu mwenye malezi hushukuru kwanza. Namshukuru Papa Fabrice wa studio ya picha, ambaye kule Kindu, tukiwa kwenye chai, alinionyesha picha ya mashini ile kwenye simu yake, kwa sababu bila yeye nisingejua hata inafanana na kitu gani, na nikipata nafasi siku moja ya kuiona mashini yenyewe nitamkumbuka. Nawashukuru wafadhili wetu, ambao bado hawajaandikiwa. Namshukuru sana Bibi Yvette wa duka la pale kona, aliyeniazima sanduku la sabuni lililo chini ya kitenge, na kitenge pia ni chake, naomba avumilie, vitarudi leo hii hii. Nawashukuru mbuzi. (Yassine anapita mbele ya meza na mbuzi wake wawili kwa kamba. Mmoja ameuma ncha ya kitenge. Kitenge kinakwenda naye, sanduku linaanguka, linabingirika tupu hadi miguuni mwa mashehe. Hakuna anayeshangaa.)

Na mwisho wa mwisho, nawashukuru ninyi mama zetu, ambao bila karai zenu proje hii isingekuwa na chochote cha kutoa. Ninawaonya kwamba mnachokifanya hapo kina mafuta, ni kinyume cha phase zote, na harufu yake imefika hapa kwenye jukwaa, inamvuruga Kordinateri katika kufikiri. Nimetoka nyumbani bila kula, kwa ajili yenu. Najua mnanisikia. Mama Mounira, ile ya ndizi, iliyoungua kidogo pembeni, kama nilivyokuwa napenda zamani... Mama... niwekee hata mbili.

(Mama Mounira anakuja hadi jukwaani, na uwanja wote unampisha. Ameshika sahani kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyompelekea mtu mzima chakula. Anaiweka mezani mbele ya Kordinateri. Sahani ni safi, imepanguswa, haina kitu.

"Yako tumekaanga kwa hewa," anasema. "Karibu.")