Mkalimani Mwenye Adabu

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji ametamka. Jumapili jioni kochi lake liwe tupu, isipokuwa nikipata kazi. Yeye ni mwenyeji wa hapa. Kiswahili chake ni "pole" na "chakula" tu. Yaliyobaki hunieleza kwa Kiingereza cha polepole na kwa vidole: kochi, mimi, mlango. Dada anasugua sufuria. Sufuria yenyewe ilishatakata zamani. Miezi kumi na moja nimelala kwenye kochi hili, miguu inaning'inia. Nina miaka arobaini na tatu. Nimelia kidogo bafuni, bomba likiwa wazi.

Kisha, tangazo! Limebandikwa kwenye mlango wa duka la kufulia nguo. Ofisi ya ukalimani inatafuta watu wanaojua vizuri lugha yao ya kuzaliwa pamoja na Kiingereza. Kiswahili kimo, cha nne kutoka chini. Yaani watu wanalipwa kwa hiki ninachokisema bure tangu nina miaka miwili! Nimelibandua tangazo nikalitia mfukoni, jirani yetu Kamusi asije akaliona.

Jumanne, 4 Machi

Kamusi kaliona. Kumbe yalibandikwa mengi. Anakaa ghorofa ya juu, tumetoka nchi moja, na jina hilo kalipata kwa kusahihisha watu hata wanapotoa rambirambi. Nimemkuta ofisini, kakaa kiti cha mbele, kalamu tatu.

Kwenye fomu wameuliza uzoefu. Nimeandika miaka arobaini na mmoja. Bosi, mama mmoja mwenye miwani machoni na mingine kichwani, akauliza kama si kosa. Nikamwambia labda nimepunguza. Akatusomea sheria zao. Mkalimani aseme kila kinachosemwa. Asiongeze, asipunguze, asilainishe. Mgonjwa akitukana, mkalimani atukane. Nikaitikia kwa kichwa, huku nikijisemea kuwa hizo ni sheria za watu wasio na malezi.

Mtihani nimepita! Kamusi naye, kwa bahati mbaya. Nafasi ya kudumu ni moja, wataamua mwisho wa wiki. Wakati wa kutoka nilimnong'oneza bosi kwamba Kamusi, maskini, akiona damu huzimia. Basi hospitali nimepewa mimi. Kamusi kapewa kikao cha wazazi shuleni. Wapenzi wangu, akili!

Shemeji nimemwambia nimeajiriwa. Amesema ataamini akiiona barua.

Jumatano, 5 Machi

Kazi ya kwanza. Mgonjwa ni mzee wa miaka sabini na tisa, ana kisukari, kidole gumba cha mguu kimekuwa cheusi. Daktari ni binti mdogo, umri wa mpwa wangu. Akaingia na kuanza moja kwa moja na kidole. Hata salamu! Mzee akageukia dirisha, akaniambia huyu mtoto hajafunzwa kwao na hataongea naye.

Ningesemaje hayo? Nikamwambia daktari kwamba mzee amefurahi kumwona. Nikamwambia mzee kwamba daktari anasema shikamoo. Mzee akageuka. Marahaba! Uso ukakunjuka. Nikajipongeza moyoni.

Daktari akasema kidole kikatwe kesho asubuhi, la sivyo uozo utapanda na mguu utafuata. Mzee ana umri wa kunizaa, ananitazama machoni, kofia kaiweka magotini. Mtu mwenye adabu anamwambiaje mkubwa wake neno kama hilo, hata kiti hajakizoea? Nikasema daktari anaona kidole kimechoka, kesho kitapumzishwa. Mzee akasema kama ni kupumzishwa tu, hana neno. Nikamwambia daktari mzee amekubali.

Wote wawili wakanishukuru. Daktari akasema hajawahi kuona mgonjwa mtulivu hivyo. Nimetembea hadi nyumbani nikipiga mluzi.

Alhamisi, 6 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Mzee alikuwa kalala kitandani, kavalishwa gauni la hospitali, mpole. Nesi akaja na kalamu nyeusi akachora mstari kuzunguka kidole. Mzee akauliza ule mstari wa nini. Nikasema ni wa mapambo. Mapambo! Sijui neno hilo lilitoka wapi. Akaona sinia la vyuma. Alivyopiga kelele, wagonjwa wa wodi ya pili waliketi. Daktari akaniuliza jana nilisema nini hasa. Nikajibu nilifupisha.

Wakapiga simu ofisini. Akaletwa nani? Nani mwingine! Kaingia, kaona damu kwenye pamba, wala hakupepesa. Akampa mzee shikamoo yake mwenyewe, halafu akamwambia wazi, neno kwa neno, kwamba leo kinakatwa kidole na akikataa huenda ukakatwa mguu. Nikaziba masikio. Mzee akauliza kama atatembea. Akauliza kama atasikia maumivu. Akatia sahihi.

Kisha akamshika Kamusi mkono, akasema huyu ndiye wa kwanza humu ndani kumchukulia kama mtu mzima. Mimi hakunitazama. Nilitamani anitukane.

Ijumaa, 7 Machi

Barua imekuja. Ya Kamusi. Yangu ni mistari miwili na haina "tunasikitika".

Nimeshinda kwenye kochi nikitazama dari. Miaka arobaini na mmoja ya lugha, na hata hiyo nimefukuzwa. Nikitoka hapa sina pa kwenda, huo ndio ukweli, na wa kuutafsiri hayupo. Kamusi kateremka kunipa pole. Kasahihisha nilivyomjibu.

Jumamosi, 8 Machi

Dada yuko kazini. Shemeji akampigia simu Mama kule nyumbani, ya video, akaniweka katikati. Anataka Mama aelezwe leo, kwa sababu kila siku dada hushindwa, analia. Mama hajui Kiingereza hata cha kuombea maji.

Shemeji akasema nimeshindwa kila kitu, sina kazi, kesho natoka, Mama anitumie nauli nirudi. Mama alikuwa kavaa kilemba cha kutokea, kaikaribia simu mpaka naona pua tu. Nikamwambia shemeji anasema mimi ni nguzo ya nyumba hii, na hospitali hawawezi kunisahau.

Mama akalia kwa furaha. Akasema basi hana haja ya kungoja zaidi. Tiketi mjomba ameshaikata, alitaka kutushtukiza: anafika Jumatano, anakaa miezi mitatu, na kwa vile mgongo unamsumbua, atalala kwenye kochi.

Shemeji akauliza amesemaje. Nikasema amekubali yote, anamshukuru kwa uvumilivu wake.

Shemeji akanipa mkono! Macho yalimlowa. Alisema hakujua kuwa mimi ni mtu mkweli hivi, na kwa ajili hiyo nikae mpaka Jumatano.

Habari ya Mama nitampa Jumanne, akishiba. "Miezi mitatu" nitaitafutia namna ya kuisema. Sasa hivi namwandikia bosi yule wa miwani miwili anifikirie upya. Kwenye uzoefu nimeongeza kazi ya leo: pande mbili, dakika kumi na mbili, wote wameondoka wameridhika.